Nyumba Iliyojaa Paka

(Mazungumzo ya redio. Somo: Kumbukumbu la Torati 22:1-4)

Leo tumefungua Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, tukasoma aya nne za kwanza. Ni sheria juu ya mnyama wa jirani. Akipotea, umrudishe kwa mwenyewe. Akianguka njiani, usijifanye hukumwona, bali umsaidie mwenyewe kumwinua. Tafadhali lishikeni neno hilo, kumsaidia mwenyewe, maana tutalirudia.

Jambo tunalotaka kulisema huenda wengine wakalicheka. Ni habari ya watu wanaojaza wanyama nyumbani kupita uwezo wao wa kuwalisha na kuwatunza. Hatumsemi mama anayefuga kuku sita nyuma ya nyumba apate mayai ya kuuza. Twamsema mtu ambaye wanyama wake wanakonda, wanaugua, wanazaana na kufa mbele ya macho yake, naye bado anaokota wengine. Watu wa namna hiyo wapo Ulaya na Marekani, nao wapo hapa kwetu Nairobi. Tutasimulia nyumba mbili, ya kwanza Kawangware na ya pili Kibera. Mambo madogo madogo tumeyageuza ili wenyewe wasiaibishwe.

Kawangware, upande wa Gatina, alikaa mzee mmoja aliyekuwa soja wa usiku huko Lavington kwa miaka mingi. Kazi ilipokwisha alirudi mtaani na mbwa mmoja aliyekuwa akilinda naye. Kisha akaokota wa pili, akaokota wa tatu. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali sana, basi alfajiri mzee alikuwa akienda na debe lake kuomba mabaki. Mwanzoni majirani walifurahi, maana wezi walikoma kupita pale. Lakini mwaka wa pili mbwa walikuwa kumi na saba katika ploti yenye vyumba vichache na choo kimoja. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanjwa. Mbavu zao zilihesabika. Watoto wakampa mzee jina, Guka wa Mbwa, naye aliitikia akicheka.

Ndipo mtoto wa miaka saba, aliyetumwa maziwa asubuhi, akaumwa mguuni.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu wako wazazi wanaotusikiliza. Mtu akiumwa na mbwa au paka, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, na sindano zote zimalizwe. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili, ni nadra sana mtu kupona. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa ugonjwa huu, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Hata hivyo mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika. Kenya iliandika mpango wake mwaka 2014, ikikusudia kuumaliza kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030. Mtoto wetu alipata sindano zake, ni mzima.

Lakini mtaa uliwaka moto. Barua iliandikwa kwa wakubwa, nasi tuliitia sahihi, hata muhuri wa kanisa ulikuwapo chini yake. Barua hiyo ilisema kweli tupu: mbwa ni wengi, wana njaa, watoto wako hatarini. Haikuwa na mstari hata mmoja uliouliza habari za mzee mwenyewe. Tuliisoma tena juzijuzi na tukaona haya.

Maofisa hawakuwahi kufika kabla ya hasira. Jumamosi usiku vijana walitupa nyama yenye sumu ndani ya ploti, na kulipokucha mbwa kumi na mmoja walikuwa wamelala chini, wengine bado wakitetemeka. Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Sisi tulipita pale tukienda ibadani, vitabu mkononi. Mzee alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameshika kamba. Wengine wetu tulimwambia, "Pole, Guka," tukaendelea na safari kwa kuwa kengele ilikuwa imekwisha kulia. Jumatatu gari likaja, likachukua mbwa sita waliosalia. Mtaa ukatulia. Watu wakasema jambo limekwisha.

Miezi minne baadaye mzee alikuwa na mbwa tisa.

Wapo waliosema ana kichwa kigumu, na wapo waliosema amerogwa. Lakini watu waliolichunguza jambo hili hawakushangaa. Mwaka 1999 daktari wa wanyama wa Marekani, Gary Patronek, aliandika kwamba kulimbikiza wanyama ni jambo la afya ya watu wote, na kwamba mwenye tabia hiyo mara nyingi hawezi kuiona hali mbaya ya wanyama wake, wala yake mwenyewe. Mwaka 2013 waganga wa akili wa Marekani wakautia ulimbikizaji katika orodha yao ya maradhi. Nao wanaowahudumia watu hawa wamekuta jambo moja mara kwa mara: ukichukua wanyama tu na kumwacha mtu, atakusanya wengine. Kwa hiyo gari lile la Jumatatu lilibeba nusu ya shida. Nusu ya pili ilibaki juu ya jiwe, imeshika kamba.

Na sheria yetu inasemaje? Wengi hudhani sheria ipo upande wa majirani peke yao. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamkamata mwenye kumnyima mnyama wake chakula. Lakini pia inamkamata mwenye kumpiga kwa ukatili, na mwenye kumpa sumu pasipo sababu ya haki. Mzee alikuwa na kosa, na vijana walikuwa na kosa, ndani ya sheria ile ile. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika Ratiba yake ya Nne, imeziwekea kaunti kazi ya kudhibiti na kutunza wanyama, pamoja na leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi. Kwa hiyo tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013, mlango wa kubisha ni huo, ofisi ya mifugo ya kaunti. Na hapa Nairobi kipo chama cha siku nyingi cha kuwahudumia wanyama, kiitwacho KSPCA, chenye makao yake Karen. Tulipotia muhuri barua ile hatukuwa tumeuliza hata moja ya haya. Tulijua kulalamika tu.

Sasa twende Kibera, katika kijiji cha Lindi. Huko mama mmoja mjane, muuza mandazi, alikuwa na chumba cha futi kumi kwa kumi, na ndani yake, kwa hesabu ya mzee wa mtaa, paka thelathini na wanne. Tusiwafanye majirani kuwa watu wabaya. Ukuta ulikuwa wa udongo, na upande wa pili alilala mama mwenye mtoto mchanga. Harufu ya mkojo wa paka ilichoma macho, mtoto akikohoa usiku kucha. Mwenye ploti alikuwa amempa mjane notisi. Vijana nao walikuwa wameanza kusema maneno ambayo tulikwisha kuyasikia Kawangware.

Mzee wa mtaa, mtu wa Nyumba Kumi, alikuja kwetu, wala hakuja kwa upole. Alisema, "Huyu mama ni wa kanisa lenu. Mara ya mwisho mlimwona lini?"

Tulitazamana. Tulipofungua daftari tukakuta hajafika ibadani kwa miezi kumi na minne. Sadaka yake ilikuwa ndogo, basi ilipokoma hakuna aliyetambua. Samahani kwa kusema hivyo redioni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Chifu alipoitisha baraza alisema maneno mawili tu, nasi tunamshukuru mpaka leo. La kwanza, harufu hiyo ni lazima iishe, na siku akaitaja, majuma sita. La pili, mpaka siku hiyo ifike, mtu yeyote asimguse paka wala mama. Kisha akauliza ni nani atakayekwenda kuzungumza naye. Wawili kati yetu, akina mama, wakainua mikono.

Siku ya kwanza alizungumza nao mlango ukiwa umefunguliwa upana wa kiganja. Siku ya pili hakufungua. Siku ya tatu alitoka na kigoda, akaketi nje, na paka mmoja mapajani. Jicho la paka lilikuwa limeziba kwa usaha. Mama akasema, "Hawa wangu hawana shida, wanaendelea vizuri." Naye hakuwa akidanganya, ndivyo alivyoona. Akaanza kuwataja majina. Wa kwanza aliingia juma lile alilomzika binti yake. Wa pili alikuja wakati mkwe alipowachukua wajukuu kuwapeleka mashambani, wasirudi. Kila paka alikuwa na tarehe yake. Pesa ya mandazi ilinunua omena, paka wakala kwanza, naye akala kilichobaki kama kilibaki.

Mmoja wa akina mama wale alituambia baadaye, "Nilikwenda kuona uchafu, nikakuta makaburi."

Jambo lenyewe lilichukua majuma matano. Daktari wa mifugo wa kaunti alikuja na mwenzake mmoja, wakaliacha gari barabarani kwenye lami, wakaingia kwa miguu ili umati usikusanyike. Paka hawakukamatwa kwa nguvu. Mama mwenyewe aliwatoa mmoja mmoja kwa siku nne, akimtaja kila mmoja jina lake, na daktari akaandika majina yale kwenye karatasi kana kwamba anaandika wagonjwa hospitalini. Wale waliokuwa wamezidiwa daktari aliwalaza kwa sindano, na hilo hatukumficha mama. Alilia, nasi tukalia. Wengine walipelekwa kwa chama cha wanyama. Watano walibaki kwake, wamechanjwa na kufungwa uzazi. Vijana wale wale wenye maneno makali walichota maji na kusugua sakafu, na mwenye ploti akairudisha notisi mfukoni. Muuguzi wa zahanati aliombwa amwone mama, akamwelekeza kwa mtu wa kuzungumza naye juu ya msiba wake. Mara mbili alikataa. Ya tatu akaenda, akisindikizwa.

Tulipokuwa tukiitafakari habari hii tulimkumbuka Nuhu. Watoto wote wa shule ya Jumapili wanajua kwamba aliingiza wanyama ndani ya safina. Lakini someni vizuri Mwanzo mlango wa 6. Kabla ya mnyama wa kwanza kuingia, Nuhu aliagizwa kutengeneza vyumba ndani yake, tena akaagizwa kuweka akiba ya chakula, chake na chao. Mama wa Lindi alijenga safina isiyo na vyumba wala akiba. Na Nuhu hakuwa peke yake. Alikuwa na mke, na wana watatu, na wake za wanawe. Hebu fikirini yule mzee mmoja, peke yake, na gharika imekwisha kuanza.

Msidhani kwamba Lindi mambo yamenyooka. Akina mama wetu humtembelea kila Alhamisi. Alhamisi moja walikuta paka wa sita chini ya kitanda. Walipouliza, mama akasema, "Ni wa jana tu." Mmoja wao akakumbuka kwamba jana yake ilikuwa siku ile ile aliyofariki binti. Hawakumkemea. Walikunywa chai, wakaimba kidogo, na juma lililofuata wakampeleka paka yule kwa daktari pamoja naye, yeye akiwa amembeba kikapuni. Kuna Alhamisi ambazo hafungui mlango. Basi huacha unga na sabuni kwa jirani, yule mwenye mtoto mchanga, naye humpelekea jioni.

Na mzee wa Kawangware? Baada ya Lindi tulikata shauri kumwendea. Tulichelewa. Chumba chake tulikikuta na mpangaji mwingine, kijana fundi wa viatu, ambaye hakumjua. Mwenye ploti alituambia mzee aliondoka usiku na mbwa wake, bila kudai hata pesa zake za rehani. Kitu kimoja alikiacha juu ya msumari, kamba ya mbwa wake wa kwanza. Tumeuliza Riruta, tumeuliza Waithaka, tumeuliza Kangemi.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama karibu nawe yupo mzee aliyekuwa soja wa usiku, anayepita alfajiri na debe, na mbwa wengi nyuma yake, tafadhali usimwitie watu. Mwambie kwamba watu wa kanisa la Kawangware wanamtafuta, na kwamba mara hii hawaji na barua. Kamba yake tunayo.