Nasaha kwa Vijana Wanaokwenda Kusoma Saikolojia



Ninyi mnaokwenda chuo kikuu kusoma saikolojia, wengi hapa kambini wanangoja mrudi kuwatibu wasiopata usingizi. Lakini shahada ya kwanza haimfanyi mtu kuwa tabibu. Humpa msingi tu.

Basi ujengeni vizuri. Msiikimbie takwimu kwa kuogopa hesabu. Tangu Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake Leipzig mwaka 1879, somo hili linasimama juu ya kupima, si kubahatisha. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe, akaandika mwaka 1885 kwamba mtu husahau upesi mno mara baada ya kujifunza. Kwa hiyo rudieni masomo kidogo kidogo kila wiki, msingoje mtihani. Someni kwa vikundi. Mwendeeni mwalimu ofisini, mwombe kumsaidia katika utafiti wake.

La mwisho: siri ya mtu ni amana. Na mkija likizo, msimwite mgonjwa mama anayemlilia mwanawe. Kulia msiba si ugonjwa. Ketini naye, mmsikilize.