Mwanza hadi Bukoba ni dakika ngapi?

Hapa Pangani ninapoishi (Pangani ya Kibaha nasema, si ile ya Tanga yenye mto) habari za ndege huulizwa zaidi wakati wa msiba. Mtu kafiwa Bukoba, maziko ni kesho, na ndugu wanataka kujua: akishafika Mwanza, kutoka pale hadi Bukoba ni dakika ngapi?

Jibu la ramani ni jepesi. Ukivuta uzi juu ya Ziwa Victoria kati ya viwanja hivyo viwili unapata kilometa 175 hivi. Ndege za pangaboi zinazotumika kule huenda kama kilometa 500 kwa saa. Piga hesabu: dakika 21. Lakini ratiba huandika kama dakika 45, na wapo abiria wanaodhani wamepunjwa.

Hawakupunjwa. Ratiba huanza kuhesabu ndege inapoondoka kwenye maegesho, humaliza inaposimama upande wa pili. Katikati kuna kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kupanda, kuteremka taratibu, na pengine kuzunguka ili itue ikiukabili upepo. Safari fupi namna hii haiipi ndege nafasi ya kukimbia. Sisi wa Kibaha tunaokwenda Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro tungepaswa kuelewa upesi kwamba kilometa na dakika si ndugu wa damu.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Usiku upepo hutoka nchi kavu ukakutana juu ya maji, ambayo bado yana joto. Mawingu hujijenga, na asubuhi mvua za radi husukumwa magharibi, yaani upande wa Bukoba. Uwanja wa Bukoba uko ukingoni kabisa mwa ziwa, na njia yake ni ya kama kilometa moja na nusu tu. Rubani akiambiwa uwanja hauonekani, hana ujanja isipokuwa kungoja, kuzunguka angani au kurudi Mwanza.

Tarehe 6 Novemba 2022, karibu saa 3 asubuhi, ndege iliyotoka Dar es Salaam na watu 43 iliangukia ziwani ikikaribia kutua uwanja huo huo, hali ya hewa ikiwa mbaya. Watu 19 walikufa. Waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Na watu wa Kagera walikuwa hawajaisahau MV Bukoba, iliyozama na mamia ya abiria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996.

Kwa hiyo mimi sipendi kelele za kaunta, mtu mzima akimtukana binti wa tiketi kwa sababu ya mvua. Lakini vile vile sikubaliani na kampuni inayomkalisha mfiwa kwenye benchi kutwa nzima bila neno. Mwambieni: Bukoba kuna wingu, tutajaribu saa 5. Mwenye haraka aamue mapema, maana basi lipo. Kupitia Geita na Biharamulo ni kama kilometa 400, na tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kungojea kivuko. Akiambiwa saa 1 asubuhi, magharibi yuko kwao. Akiambiwa saa 7 mchana, mabasi yamekwisha ondoka.