Kukiri Mapema Kwamba Tumepotea

(Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)



Leo tujifunze kwa marubani wanafunzi. Tarehe 5 Desemba 1945, ndege tano za Jeshi la Majini la Marekani ziliondoka Fort Lauderdale, Florida, kwa mazoezi juu ya bahari, zikiwa na watu 14. Mkufunzi wao, Luteni Charles Taylor, aliripoti kwamba dira zake zimeharibika. Aliamini wako juu ya visiwa vya kusini mwa Florida, kumbe yaelekea walikuwa Bahama, upande wa mashariki. Baadhi ya wanafunzi walisikika redioni wakisema kwamba wangeelekea magharibi wangefika nyumbani. Hata hivyo walimfuata kiongozi, huku mwelekeo ukibadilishwa mara kadhaa. Jua likazama, bahari imechafuka. Taylor akawaambia kwamba watatua majini wote pamoja, ndege ya kwanza itakapobakiwa na galoni 10 za mafuta. Hawakuonekana tena. Ndege iliyotumwa kuwatafuta, yenye watu 13, nayo ikapotea.

Mwanafunzi wa urubani hufundishwa la kufanya akipotea. La kwanza ni kukiri. Kisha apande juu ili aone mbali na redio yake isikike, atunze mafuta, aombe msaada, atii maelekezo. Ikishindikana, achague shamba tambarare na kutua injini ingali inafanya kazi. Mwenye mafuta anaweza kulizunguka shamba na kulikagua kwanza. Aliyeishiwa hana nafasi hiyo.

Wapendwa, haya yanatuhusu. Katika mradi mmoja wa maji, mtunza hazina wa kamati, binti mdogo kuliko wote, alituuliza kama vipimo vya bomba ni sahihi. Sisi wa ofisini tulimjibu kwamba wataalamu wanajua. Tulipowaandikia wahisani, fedha zilikuwa zimekwisha na bomba halijafika kijijini. Akina mama wakaendelea kuchota mtoni kiangazi kizima. Kosa lile ni letu.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kamati, taarifa ya robo mwaka iseme mlipo, si mlipopanga kuwa. Na mjumbe mdogo akisema njia siyo, asikilizwe. Wahisani, kamati ikikiri mapema, msiiadhibu. Ikiogopa, itanyamaza hadi senti ya mwisho.