Ruzuku Inayomfikia Mtoto



Kenya ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, serikali ilimtengea kila mwanafunzi ruzuku ya shilingi 1,020 kwa mwaka, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 1,420. Mwaka ule zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani. Ni jambo la kujivunia. Ila ruzuku hiyo huhesabiwa kwa vichwa, na hapo ndipo Kaunti yetu ya Kajiado inapoumia.

Chukueni shule mbili za mfano. Moja iko Kitengela, mji wa ploti na nyumba za kupanga, na ina wanafunzi 1,500. Nyingine iko nyikani, mbali na lami, na ina wanafunzi 120. Ya kwanza inastahili shilingi 2,130,000 kwa mwaka. Ya pili 170,400. Zote mbili zinahitaji mlinzi wa usiku, mpishi na tangi la maji, na lori la maji hutoza zaidi kadiri linavyokwenda mbali. Kisha mvua ikakosekana misimu mitano mfululizo, kama tulivyoona kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Ng'ombe wanahamishwa, wavulana wanawafuata, daftari la mahudhurio linapwaya. Idadi ikishuka, fedha nazo zinashuka, wakati ule ule shule inapozihitaji zaidi. Shule inaadhibiwa kwa sababu ya ukame.

Ndiyo maana nasema: ruzuku ya maeneo yenye dhiki ihesabiwe kwa uzito wa dhiki yenyewe, na mafanikio yake yapimwe kwa yale mtoto anayojifunza.

Kuongeza fedha peke yake hakutoshi. Nchini Uganda, wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia ruzuku za shule za msingi za miaka ya 1991 hadi 1995, wakakuta kwamba kwa wastani asilimia 13 tu ndiyo iliyofika shuleni. Nyingi ilikwamia wilayani. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Mzazi anayejua hesabu ni vigumu kumdhulumu.

Fedha zikishafika, bado kuna safari ya kwenda hadi kwenye dawati. Mwaka 2013 na 2014, mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza ulifanyiwa majaribio Tanzania katika shule 350. Baadhi zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 za huko kwa kila mwanafunzi, nyingine zikaahidiwa bahashishi ya walimu kwa kila mtoto atakayefaulu, na nyingine zikapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo ya mitihani. Bahashishi peke yake ilileta mabadiliko madogo. Vilipoungana, watoto walijifunza zaidi waziwazi. Kitabu kinamhitaji mwalimu mwenye sababu ya kukifungua, na mwalimu naye anakihitaji kitabu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule ya maeneo kame ipate kiasi cha msingi kabla vichwa havijahesabiwa. Pili, ukame ukitangazwa, mgao uendelee kwa idadi ya wanafunzi waliokuwapo kabla yake. Tatu, kila shilingi iliyopokelewa iandikwe ukutani kwa Kiswahili na Kimaasai, na isomwe barazani kwa ajili ya wasiojua kusoma.

Mawili ya kwanza yanangoja Bunge na Wizara ya Elimu, nasi tutaendelea kuyadai. La tatu halingoji sheria mpya. Wazazi wangu, katika mkutano ujao wa shule ulizeni kwa heshima: zimeingia shilingi ngapi, na watoto wangapi wa Gredi ya Tatu wanaweza kusoma hadithi fupi? Majibu hayo mawili yasomwe pamoja, kila muhula.