Salamu Nilizochelewa Kufikisha

(Hotuba ya mwanakwaya wa sauti ya pili katika ibada ya jubilii)



Niliombwa niseme machache juu ya huduma yetu ya magereza. Orodha ya mahali tulipoimba iko kurasa za nyuma pamoja na picha, na mtaiona ile sare ya zambarau ambayo naomba tusiishone tena. Mimi nitaanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita tulienda kuwaimbia mahabusu wakati wa Krismasi. Tulibeba sabuni na mikate. Tulipomaliza, kijana mmoja alinisogelea akauliza natoka wapi. Nikasema Makindu. "Mwaitu," akaniambia, "kwetu ni Kiboko. Msalimie mama yangu. Mwambie niko hapa." Nikamwahidi nitafika.

Kiboko si mbali, mnajua. Nilifika baada ya miezi minne. Nilimkuta yule mama akipukuchua mahindi. Hakujua mwanawe alikuwa wapi. Alikuwa amemtafuta hospitalini, akaenda mpaka chumba cha maiti. Nilipomweleza kwamba dhamana ilikuwa shilingi 10,000, alinyamaza kwa muda, halafu akaniuliza: "Hata mbuzi wawili si wangetosha?" Wangetosha. Mbuzi walikuwa pale pale, wamefungwa chini ya mwembe.

Tuliimba vizuri siku ile. Lakini kijana hakuwa ameomba wimbo.

Wazee wetu wanajua habari ya watu kupotea namna hii. Mnamo Aprili 1954 serikali ya mkoloni ilifanya msako mkubwa Nairobi, ikawazuia maelfu kwa maelfu ya watu bila kuwafikisha mahakamani. Wengi walipelekwa kambi za Manyani na Mackinnon Road. Njia ya kwenda huko ni reli hii hii yetu, kwa hiyo walipita hapa, na wake zao hawakujua treni imewashusha wapi. Manyani hata leo ni gereza. Sheria zimebadilika, lakini mama wa Kiboko alikuwa katika giza lile lile.

Nimejifunza mambo machache tangu hapo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti ikiwa saa hizo zimeisha nje ya saa za kazi. Inasema pia mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Wangapi kati yetu tulijua hilo? Na anayeshindwa kulipa faini ya, tuseme, 10,000, anaweza kufungwa hadi miezi mitatu. Vijana wetu wa mchanga, wa makaa na wa pombe ndio hao. Mwenye pesa analipa na kurudi nyumbani jioni. Wafungwa wa namna hiyo hawako ndani kwa ubaya wa kosa, wako ndani kwa sababu ya deni. Na jubilii ya Walawi 25, ile tuliyokopa jina lake leo, ilikuwa mwaka wa aliyeuzwa kwa umaskini wake kurudi kwa watu wake.

Tangu mwaka 1998 kuna sheria ya huduma kwa jamii: mahakama inaweza kumwagiza mtu afanye kazi ya umma badala ya kufungwa, kama kupanda miti au kutengeneza shule. Lakini kabla ya hapo afisa wa probesheni huja kijijini kuuliza. Huuliza familia, chifu, majirani. Hapo ndipo mimi na wewe tunaingia. Nimesikia kwa masikio yangu mkristo mwenzetu akimjibu, "Huyo mkae naye huko." Aliyesema hivyo yuko katika ibada hii na tumeshaongea, kwa hiyo msigeuke kumtafuta.

Kuna kijana mwingine aliyemaliza kifungo akashuka Makindu usiku. Hakuja kanisani. Alienda hekalu la Masingasinga, lile lililojengwa 1926, kwa kuwa pale hula na kulala yeyote bila kuulizwa ametoka wapi. Alikaa siku mbili akijipa moyo wa kwenda kwao. Mama yake ni mwanakwaya wetu. Alikuwa ameacha kuja mazoezi tangu mwanawe afungwe, na hatukumfuata.

Ombi langu kwa kwaya ni hili, na mweka hazina asishtuke, sitaki tuwe wadhamini wa watu tusiowajua. Nataka watu wanane, wawili wawili. Kila tunapotoka gerezani, majina na vijiji viandikwe, kwa ruhusa ya wakubwa wa gereza na ya mwenyewe, na ujumbe ufike nyumbani ndani ya wiki moja. Wawili wengine waende kukaa na mama huyo wakati kesi inasikizwa hapa kortini Makindu, maana wengi hawajui hata waketi wapi. Tuifanye kama mwethya, kwa zamu.

Daftari liko kwa katibu wa kwaya, mlangoni. Jina la kwanza ni langu. La pili ameandika yule mama aliyeacha mazoezi. Amerudi, na leo anaimba sauti ya kwanza.