Bustani Katika Nyumba Isiyo Yako
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya bustani ya nyumbani. Nilipokubali, mwenzetu mmoja aliniuliza, "Bwana, nyumba ni ya Serikali, na barua ya uhamisho yaweza kufika kesho, wampandia nani maua?" Swali hili si la mzaha, nami nitalijibu kwanza. Anunuaye miche mikubwa huiacha nyuma siku ya kuhama. Apandaye mbegu huvuna mbegu nyingine, akazitia katika bahasha, akaenda nazo. Mimi nimehamishwa mara nne. Vyombo vingi vimevunjika njiani, walakini zinia nilizo nazo leo ni uzao wa zile za kituo changu cha kwanza.

Asili ya zinia ni Meksiko, na jua la pwani yetu haliichukizi. Ua huachwa likauke juu ya shina lake mpaka ligeuke rangi ya kahawia, kisha hupukuswa juu ya gazeti. Mbegu na zianikwe kivulini siku chache kabla ya kufungwa, maana zikifungwa na unyevu huota ukungu.

Katika kusia, wengi wetu huilaumu mbegu, na kosa ni letu. Mbegu hufunikwa kwa udongo kadiri ya unene wake mara mbili au tatu, wala si zaidi. Zinia yatosha robo ya inchi. Mrehani, ambao mbegu zake ni ndogo mno, hunyunyiziwa udongo laini kidogo tu. Mbegu za mpapai zisuguliwe na kuoshwa mpaka ule utelezi utoke, kwani ndio uzuiao kuota. Za mkrismasi zina ganda gumu kama jiwe: zisugue ubavuni kwa tupa, kisha ziloweke usiku kucha. Mti huo lakini upandwe mbali na nyumba, kwa sababu ya mizizi yake.

Jambo kubwa kupita yote ni maji. Mwaka wangu wa kwanza niliua debe zima la miche kwa mapenzi. Niliimwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni, na siku ya kumi niliikuta imelala, mashina yameoza pale yatokapo udongoni. Debe lenyewe sikulitoboa hata tundu moja! Toboeni madebe chini, yawekeni mahali penye mwanga pasipo jua kali la mchana, na msimwagilie mpaka udongo wa juu uanze kukauka. Mche ukiisha kupata majani manne, achilia mbali yale mawili ya kwanza, uhamisheni jioni.

Sasa nasema juu ya mapambo, nami naomba radhi kwa wenye nyumba nzuri. Mawe yaliyopakwa chokaa kando ya njia hayana neno. Bali chupa zilizofukiwa kichwa chini, makombe ya baharini, mitungi iliyovunjika na visahani vya chini ya vyungu hukusanya maji. Tazameni kitako cha chupa: kina kishimo, na kishimo hicho hushika maji ya kutosha mbu kuzaa. Mbu aenezaye kidingapopo hutaga mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji; mayai hayo huweza kukaa makavu miezi mingi, na mvua ikiyafikia huanguliwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo na kisuguliwe. Dar es Salaam iliugua ugonjwa huo mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Nyumbani kwangu mtoto alilala na homa siku sita, na siku ya saba niling'oa chupa zote nilizozipanga kwa fahari. Mahali pake nimeweka mawe. Makombe nimeyafudikiza, na visahani nimevijaza mchanga. Mke wangu asema bustani imepungua uzuri, nami sibishani naye.

Bahasha ishirini za mbegu za zinia ziko mezani kwa Bwana Katibu, kila mtu achukue moja. Rangi sikuziandika, kwa kuwa zimechanganyika zenyewe kondeni. Mvua za vuli zi karibu, zisieni sasa.