Kujulisha si kuomba: maneno kwa vijana wa Kalemie juu ya uhuru



Tukisikia neno uhuru, wengi wetu tunawaza 30 Juni 1960: bendera, defile, bia. Huo ni uhuru wa inchi. Leo tuongee uhuru wa mutu: kusema, kukusanyika, kutembea, kukataa. Huo haupotei kwa kishindo. Unaanza kupotea siku mutu anapoomba ruhusa ya kitu ambacho tayari ni chake.

Tuchukue mufano. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 18 Februari 2006 kinalinda haki ya kuandamana. Wenye kupanga wanatakiwa kujulisha wakubwa kwa barua. Kujulisha, si kuomba. Anayejulisha anasema: "Tutapita siku fulani, njia fulani, mutulindie usalama." Anayeomba anasema: "Tafazali, mutukubalie." Lakini hapa muji, ukisema tu unataka kuandamana, swali la kwanza ni: "Muko na ruhusa?" Hata wazazi wetu nyumbani wanatuuliza vile. Kifungu hicho hakijabadilika. Ni neno moja tu lililobadilika mu midomo yetu, na haki ikageuka zawadi. Na zawadi, aliyekupa anaweza kukunyanganya.

Wazee wetu waliyaona hayo. Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alichukua mamlaka na jeshi, akasema ni kwa miaka mitano. Wengi walipiga makofi, juu magomvi ya wanasiasa yalikuwa yamewachosha. Mwaka 1967 akaunda MPR. Mwaka 1970 ikabaki chama kimoja tu. Mwaka 1972 hata majina ya ubatizo yakakatazwa. Mwaka 1974 Katiba ikaandika kwamba kila Muzairwa ni mwanachama wa MPR, apende asipende. Miaka mitano ikakuwa 32. Hakuna asubuhi hata moja ambapo watu waliamka wakaambiwa: "Uhuru umeisha leo." Kila hatua ilikuja na sababu nzuri: amani, umoja, utamaduni.

Mutasema hiyo ni hadisi ya zamani. Basi tuangalie majirani. Mwezi wa Mei 2021, Nord-Kivu na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, ile wote tunaita état de siège. Sababu ilikuwa ya kweli: watu walikuwa wanachinjwa, na hatuwezi kucheza na machozi yao. Katiba, kifungu cha 144, inatoa siku 30, kisha Bunge linaweza kuongeza siku 15 kwa 15. Maofisa wa jeshi na polisi wakakalia viti vya wagavana na wameya. Raia wakapelekwa mbele ya tribinali za kijeshi. Wanaharakati wa LUCHA waliokamatwa Beni kwa kupinga huko kuongeza siku walihukumiwa mwaka 2022 kifungo cha miezi 12. Siku 15, tena siku 15, tena siku 15, mupaka zikakuwa miaka. Na usalama je? Mauaji yaliendelea, na Januari 2025 Goma ikaanguka mu mikono ya M23. Watu waliombwa kuweka uhuru wao pembeni kidogo ili wapate usalama. Uhuru uliondoka, usalama haukufika.

Huku kwetu hatuna état de siège, lakini tuko na bariyeri. Mama anatoka shamba na mufuko wa muhogo, anaambiwa atoe 500, bila karatasi. Kifungu cha 30 kinampa haki ya kutembea inchini. Sisi tulio nyuma yake tunasema nini? "Mama, toa tu tupite." Hapo si askari peke yake anayemunyima haki. Na sisi tunamusaidia.

Wengine watasema: uhuru haulishi mutu. Nawaelewa. Mimi niko na diploma ya chuo kikuu na sina kazi. Lakini mutu mwenye njaa ndiye wa kwanza kununuliwa, kwa tisheti na franka za siku moja, na bei anayolipa ni kunyamaza. Kama hatuwezi kuuliza feza za barabara zimeenda wapi, hatutapata barabara, na kazi pia hatutaiona.

Basi tufanye mambo matatu, kwa amani, bila jiwe na bila matusi. Moja: kila barua ya kujulisha iwe na nakala, na nakala ipigwe muhuri siku ya kuipeleka. Mbili: kila tukidaiwa pesa, tuombe karatasi yenye muhuri, na tumuunge mukono anayeiomba. Tatu: mwenzetu akikamatwa, tukumbuke kifungu cha 18: aambiwe sababu mara moja, kwa luga anayoelewa, na asizidishe masaa 48 bila kuachiliwa ao kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Twende kuuliza tukiwa wengi, na tuhesabu masaa.

Na siku wakituuliza, "Muko na ruhusa?", tujibu kwa heshima: "Hapana, shefu. Tulijulisha. Nakala yenye muhuri ni hii."